Makobo wa Beseni la Bibi

Samaki huyo, makobo, alinunuliwa kwa ajili ya bukari (ugali) ya jioni. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Bibi, alipomtoa kwenye kikapu, bado anapumua, aliona kidevu kimevimba. Akamfungua kinywa kidogo, na vitoto vikamwagika kwenye maji. "Huyu ni mzazi," akasema. "Haliwi." Basi beseni la kufulia likawa nyumba ya samaki, nasi tukakosa mahali pa kulowekea nguo.

Sisi wa Kinkondja tumezaliwa kando ya Ziwa Kisale, lakini wengi wetu tunamjua makobo akiwa ndani ya sufuria tu. Wataalamu wamempa makobo wa bonde letu la Upemba jina Oreochromis upembae, jina la mwaka 1964. Jike hukusanya mayai kinywani na kuyaatamia humo bila kula chochote cha maana. Vitoto vikishatoka kuogelea, hatari ikitokea hurudi mle mle.

Mpwa wa mume wangu, aliyekuja kutoka Lubumbashi, anawapenda samaki wa diskasi wa Amazoni, mviringo kama sahani. Alitueleza kwamba vitoto vyao hula ute wa ngozi ya baba na mama, na kwamba samaki hao hupenda maji ya nyuzi 28 hadi 30. Bibi alimsikiliza kwa makini, kisha akauliza: huyu wetu vitoto vyake vinakula nini? Watoto wakajibu kwa kuvimwagia makombo ya bukari.

Makombo yakaoza. Asubuhi moja tuliwakuta wote juu ya maji wakitweta. Uozo na mavi ya samaki hutoa amonia, nayo huunguza mashavu yao. Tulipunguza maji na kuongeza mapya ya ziwani, kisha mpwa wetu akatuambia dawa ya wafugaji wa diskasi: mmea wa nyumbani, mizizi ndani ya maji, majani nje. Bakteria wanaokaa kwenye mizizi hubadilisha amonia kuwa nitraiti na kisha nitrati, na mmea unainywa kama mbolea. Hatukuwa na maua ya chungu. Tulikuwa na matembele. Tulipachika vikonyo ukingoni, navyo vikatoa mizizi upesi, myeupe na mingi. Maji yakaacha kunuka. Lakini majani yaliyo nje hayatii oksijeni majini, kwa hiyo Bibi aliamka alfajiri kuchota maji na kuyamwaga kutoka juu kwa kikombe.

Kisha mbuzi wa jirani akayaona matembele. Aliyavuta yote, na beseni likapinduka. Nyumba nzima ilipiga magoti uani, vikombe mkononi, tukiokota vitoto kwenye matope. Vingine vilikufa. Mama yao tulimtia kwenye sufuria kubwa, na jioni, kelele zilipotulia, vilivyobaki vikaingia kinywani mwake kimoja kimoja. Bibi alilia.

Kesho yake tulimrudisha Kisale, kwenye mafunjo yaeleayo, ambayo mizizi yake ndiyo makao ya samaki wachanga wa ziwa hili. Wavuvi wetu, baba zetu na kaka zetu: mkimpata makobo mwenye kidevu kilichovimba, mrudisheni majini hapo hapo. Na vyandarua vya mbu visitumiwe kuvulia, vibaki kitandani, kwa sababu matundu yake hayaachi hata kitoto kimoja kipite.