Peugeot Hailewi, Mjomba

Mjomba na wote wa nyumbani Nambale,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara kadhaa nihakikishe kwamba hukuonja kwanza. Kwamba petroli imepanda, kwamba kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma cha Peugeot 504 ya marehemu babu, na kwamba fundi wa pale stegi ameapa mtungi mmoja wa chang'aa ya mama pima utaifikisha Malaba na kurudi. Umeniuliza mimi kwa kuwa naishi Iowa, ambako magari hunywa mahindi. Basi sikiliza.

Jirani yangu, mkulima mstaafu, ana pikapu kuukuu ya kabureta inayotumia spiriti, nami ndiye mshika tochi wake. Huku ukitaka kupika spiriti ya gari unaiandikia Wizara ya Fedha, na kibali unapewa bure. Sharti mojawapo ni kuiharibu. Kila galoni 100 zitiwe galoni 2 za petroli, isije ikanyweka. Mzee huimimina hiyo petroli kwa uso wa mtu aliye matangani. Sasa wewe simama Nambale siku ya soko utangaze kwamba chang'aa itatiwa petroli. Utafukuzwa mpaka ng'ambo ya Uganda.

Halafu kuna maji. Chang'aa, hata ile inayochoma koo, ni maji kwa sehemu kubwa. Walevi wetu huyavumilia, plagi haiyavumilii kamwe. Inabidi upike upya kwenye mnara mrefu hadi spiriti ifike asilimia 95 hivi. Ukifika 95.6 umegonga ukuta, moto wa kawaida haukuvushi. Gari litaikubali hivyo hivyo, ila ukiiongezea petroli nyingi maji hujitenga na kulala chini ya tangi, palepale paipu inapofyonza.

Tuje kwa kabureta. Kilo moja ya petroli huungua na kilo 14.7 za hewa, ya spiriti kilo 9 tu. Kwa hivyo injini inataka spiriti nyingi zaidi, na jeti lazima ipanuliwe. Mzee huishika jeti ya shaba kwa vidole viwili, akazungusha drili nyembamba kwa mkono, akapuliza, akachungulia tundu kwenye mwanga wa taa. Kisha tunaendesha kidogo na kufungua plagi. Ikiwa nyeupe, injini ina njaa. Drili inarudi kazini. Taimingi nayo husogezwa mbele. Mipira ya zamani huliwa na spiriti, na kutu ya miaka yote huoshwa ikaziba filta.

Kwa baridi ya huku, Januari injini haiwaki mpaka umwagie kabureta petroli kidogo. Wabrazili, walioanza kuuza Fiat 147 ya alkoholi mwaka 1979, waliwekea magari yao kitangi cha petroli cha kuwashia. Hapo joto la kwenu Busia linatushinda sote.

Wala usidhani ni mambo ya wazungu. Miaka ya 1980 spiriti ya molasi ya kampuni ya Agro-Chemical, pale Muhoroni, ilichanganywa na petroli iliyouzwa Nairobi. Hao walikuwa na kiwanda kizima na walinzi getini.

Wewe una nini? Spiriti ina nguvu kama theluthi mbili za petroli, kwa hiyo penye lita 10 utahitaji 15. Hizo 15 zitoke jikoni, zimpite askari anayetaka leseni, zimpite mzee wa mtaa anayekagua ubora, ziwapite wapwa zako wanaosaidia kubeba, ndipo zifike tangini. Peugeot ndiyo mnywaji pekee hapo kijijini asiyejua kugombania zamu.

Nunua petroli, Mjomba, walau ya kuondoa kuku. Ukishikilia lako, nitatuma haidromita, na fundi akatazwe kupima kwa ulimi.

Mpwa wako,
Iowa