Sifa za Shimo

Sijapata kusikia mgeni rasmi akialikwa kuzindua shimo. Madarasa huzinduliwa, zahanati hukatiwa utepe, Mwenge wa Uhuru huja kuweka jiwe la msingi, na jiwe lenyewe hulazwa juu ya shimo ambalo hakuna hotuba inayolitaja. Likitajwa, hutajwa kwa ubaya tu. Wahenga wanadai mchimba shimo huingia mwenyewe, kana kwamba shimo ndilo lililomtuma. Mlevi akitumbukia usiku, asubuhi yake ukoo mzima unalilaani shimo, pombe haiguswi. Leo nimejitolea kuwa wakili wake, na kesi naifungulia Ijumbi, wilayani Muleba, kwa sababu watu wa huku wamelifaidi shimo tangu enzi za mababu bila kulipa hata asante.

Tuanze na mgomba. Anayetaka mgomba wa maana huchimba shimo la sentimita 60 kwa upana na 60 kwenda chini, tena wakati wa kiangazi, majuma kadhaa kabla ya vuli. Udongo wa juu, ule mweusi, huwekwa upande wake. Mwekundu wa chini huwekwa mbali usije ukauharibu mwenzake. Kisha mweusi huchanganywa na samadi, ukarudishwa shimoni, na shimo likaachwa. Hapo ndipo penye utamu wa mambo: linaachwa. Kijana aliyerudi kutoka Mwanza na haraka zake za mjini huona anachezewa. "Babu, tumechimba, tumefukia. Sasa tumefanya nini?" Babu anafuta jembe lake kwa jani la mgomba. "Tumesubiri," anasema. "Wewe ulifikiri kusubiri ni kukaa?"

Kijana huyo akipata shamba lake, atapiga jembe mara tatu, atachomeka chipukizi na kwenda zake. Mgomba utaota, sikatai. Utaota na utatoa majani mazuri tu, mpaka siku upepo wa ziwani utakapoamua kuupima mizizi. Kibanja unachokiona kimeizunguka nyumba ya Mhaya, kahawa chini ya migomba na maharage chini ya kahawa, hakikupandwa kwa msimu mmoja. Ni vizazi vya samadi ya ng'ombe, na majani yaliyobebwa kichwani kutoka rweya, yaani mbuga za nyasi, vilivyozikwa shimo baada ya shimo. Nao wapitao barabarani husifu mkungu.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko ulithibitishwa Muleba, na haraka ikapata cheo kipya: ukuli wa ugonjwa. Mtu alikata mkungu kwenye mgomba unaoumwa, akageuka na panga lile lile kupunguzia majani ya mgomba mzima, akaendelea hivyo shina hadi shina huku akijisifu kwa kumaliza kazi kabla ya saa nne. Mgomba ulioambukizwa hauna dawa ya kuuponya. Kuna uvumilivu tu: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda, kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia shina jingine, kung'oa kilichougua na kukifukia. Na aliyekubali kupokea mizoga yote hiyo ya migomba, bila ada na bila fomu, mnamjua.

Wasomi nao wamekuja Kagera kuchungulia mashimo yetu. Huko Kemondo, kwenye njia ya kwenda Bukoba, mwanaakiolojia Peter Schmidt na wenzake walichimbua matanuri ya kuyeyushia chuma yaliyokadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Naomba baraza lizingatie neno hili: sehemu ya tanuri iliyosimama juu ya ardhi ilikwishapotea. Kilichobaki ni shimo. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miongo mingi waliombwa kuirudia mbele ya watafiti, nao hawakuanza na moto mkubwa. Walichimba shimo, wakalisiriba kwa udongo wa kichuguu, wakalijaza nyasi za kinamasi zilizochomwa zikawa makaa, ndipo wakapanga mirija ya udongo na mivuo. Mtapo wa chuma ulikuja baadaye kabisa. Walishindwa mara kadhaa kabla ya kufanikiwa, na sishangai. Mkono uliosahau haurudishwi kwa kelele.

Linganisha na mfalme Rugomora Mahe wa Kyamutwara. Masimulizi ya kijiji cha Katuruka yanasema aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Mnara ukaanguka. Wanaopenda kwenda juu haraka nawaachia hilo.

Rubisi, pombe yetu ya ndizi, sitaisema sana, maana kesi hii inasikilizwa asubuhi. Ndizi za pombe huivishwa, na njia mojawapo ni kuzifukia katika shimo lililotandikwa majani. Asiyeweza kungoja akafukua mapema hupata ndizi zisizokamulika, na wageni waliokwisha alikwa. Shimo la choo nalo lina ushahidi wake: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana kabla ya kushika sururu kuchimba vyoo. Walijadili kwanza, wakachimba baadaye. Siku hizi tunajenga choo cha vigae kisha tunaulizana maji taka yataelekea wapi.

Mpinzani wangu atasema: mwenye njaa hana muda wa kuchimba. Hoja hiyo naiheshimu. Anayeuza kahawa kwa butura, ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kumchekesha mnunuzi, mara nyingi hakimbizwi na pupa. Anakimbizwa na ada ya shule au mgonjwa aliyelazwa. Huyo simcheki. Namcheka mnunuzi anayemwita mvivu, ilhali mnunuzi mwenyewe ndiye aliyejua kusubiri mavuno kwa niaba ya wote wawili.

Limebaki shimo la barabarani, ambalo hata mimi nilisita kulitetea. Lakini fikirini. Shimo hilo halina sare, halina kipenga, halipokei kitu mkononi, na bado kila bodaboda huliinamia. Hapo abiria hupata nafasi ya kusalimia wenyeji kikamilifu, kwa "waitu" zote za heshima zinazostahili, na kukumbuka kwamba amesahau funguo nyumbani kabla hajafika Muleba mjini. Kisha barabara huchongwa, mashimo yakafukiwa, na pikipiki zikaanza kupita kama zinafukuzwa na nyuki. Kuku wawili watatu wakishakufa, wananchi huitana kwenye mkutano wa kijiji na kudai matuta. Matuta yanahitaji kifusi, na kifusi lazima kichimbwe mahali. Hapo ndipo mjadala unapokuwa mkali, kwa kuwa kila mmoja anataka tuta mbele ya nyumba yake na shimo kwenye shamba la jirani.