Jinsi ya Kununua Fleti ya Nairobi Ukiwa Minneapolis

Kwanza, zima ile video. Ndiyo, hiyo yenye piano na droni inayopaa juu ya Kilimani: fleti iko tayari, mpangaji yumo, kazi yako ni kupokea kodi tu huku theluji ikiwa imekufungia ndani. Mpigie ajenti simu ya video saa mbili usiku za Nairobi, apande hadi ghorofa ya juu kabisa, afungue bomba la jikoni. Akisema ufunguo uko kwa keretaka, mngoje. Bomba likikohoa tu, muulize kama jengo lina kisima, na lori la maji likiitwa nani hulipa. Kisha ashuke barabarani, aelekeze kamera kwenye jengo, nawe uhesabu madirisha yenye taa. Fleti za giza ndizo zitakazogombania wapangaji na yako.

Sasa shika kalamu, maana brosha imekuahidi asilimia 8. Tuseme bei ni shilingi milioni 9 na kodi ni 60,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 720,000, na hesabu ya muuzaji huishia hapo. Mpangaji akihama, nyumba ikikaa mwezi mmoja bila mtu, zinabaki 660,000. Msimamizi akichukua asilimia 10, toa 66,000. Lifti, askari na takataka, tuseme 8,000 kila mwezi hata pasipo mpangaji, toa 96,000. Halafu KRA, mamlaka ya mapato: tangu Januari 2024 mkazi mwenye mapato kama haya hulipa asilimia 7.5, lakini asiye mkazi kisheria hukatwa asilimia 30 ya kodi yote iliyoingia. Toa 198,000. Mkononi una 300,000, asilimia 3 na ushei. Inaniuma, kwa kuwa milioni hizo ni zamu za usiku za mtu, miaka na miaka.

Ukiona bado inakufaa, tafuta wakili wako mwenyewe, si yule anayekuja pamoja na bei. Apekue hati, ahakikishe kiwanja hakina rehani ya benki na kwamba fleti itapata hati yake yenyewe, kama sheria ya 2020 ya umiliki wa fleti inavyoruhusu. Pesa zipitie kwake.

Usimamizi usimpe shemeji. Utamdaije risiti ya fundi bomba? Ajiri mtu baki kwa mkataba, anayetuma picha kabla na baada ya kila ukarabati, na anayeweza kuachishwa kazi bila kuitisha kikao cha ukoo.