Itifaki Imezingatiwa

Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alizungumza na wazee wa Dar es Salaam kuhusu Idi Amin, aliyekuwa ameuvamia mkoa wetu wa Kagera, enzi hizo ukiitwa Ziwa Magharibi. Hotuba ile ilisimama juu ya maneno matatu: uwezo, sababu, nia. Hata waliozaliwa baada ya vita wanayajua.

Sasa karibu kwenye mkutano wa hadhara, Ngara au Biharamulo, ni yale yale. Bomba la kijiji limekauka. Mgeni rasmi anashika kipaza sauti, anakipuliza fuu, fuu, anasema itifaki imezingatiwa, kisha anaizingatia upya, cheo kwa cheo, mpaka anamfikia katibu wa kamati ya viti. Jua limeshapanda. Ndipo anapotamka: "Ndugu wananchi, suala la maji liko kwenye mchakato. Upembuzi yakinifu unaendelea, na wadau wanaainisha changamoto."

Makofi. (Hasa kutoka kwa waliogawiwa kofia.)

Na hii ni nchi ya maporomoko ya Rusumo, ambako mto Kagera hunguruma bila kipaza sauti na hakuna anayeuliza umesema nini. Chini ya mwembe wamekaa wazee wa Kihangaza wanaoweza kumaliza ugomvi wa shamba kwa methali moja. Wanasikiliza kwa adabu, kama wasikilizavyo redio isiyokamata vizuri.

Mama mmoja ananyoosha mkono. "Samahani, mheshimiwa. Ndoo tulete lini?"

"Swali zuri sana, mama. Tumelipokea."