Hukumu ya Sikio

Siku hizi kila mwenye tundu la sikio ni fundi mitambo wa studio. Anachomeka spika zake za masikioni, anafumba macho kama mtu anayeonja pilau ya harusi, kisha anahukumu: besi ina nyama, sauti za juu zinachoma kidogo, ila jukwaa ni pana. Jukwaa gani, bwana, ndani ya fuvu?

Boksi nalo linampa kichwa. Limeandikwa Hertz 20 hadi 40,000, ilhali sikio la binadamu, hata la kijana, linaishia kwenye 20,000 hivi. Zilizobaki amewanunulia popo.

Halafu kuna kile kifuko cha vipira vya akiba, vidogo na vikubwa, ambacho hajawahi kukifungua. Mambo yote yamo humo! Kipira kisipoziba tundu sawasawa, besi inavuja yote, na spika za laki tatu zinabaki kutoa vikelele. Wapo pia ambao masikio yao hayalingani, kulia wanataka kipira kikubwa, kushoto kidogo. Nani atamwambia mtaalamu hilo?

Kuhusu kukaa vizuri sikioni, amepima akiwa kwenye sofa: katikisa kichwa mara mbili, kapitisha. Basi apande daladala ya Mbagala jioni, mkono kwenye bomba, konda akimhimiza asogee nyuma, tuone spika ya kushoto itaangukia mguuni mwa nani. Na wimbo wenyewe anaoupimia ubora huo wote, umerekodiwa na shemeji yake kutoka redioni, akamtumia kwa WhatsApp.