Saruji ya Tumbili

Masika yalipokaribia, wanyama wa Membley walichanga pesa wajenge ghala la mahindi, pale ambapo zamani palikuwa na mibuni na sasa nyumba zinaota kama uyoga. Mawe yalitoka machimbo ya Ndarugo, mchanga ukaletwa na Punda. Mifuko 10 ya saruji, kila mmoja kilo 50, ikafungiwa stoo, na ufunguo akapewa Tumbili, kwa kuwa ndiye aliyejua kuongea.

Tumbili aliona tundu kwenye mabati. Akasema ataliziba kesho. Usiku ule mvua ikanyesha. Kulipokucha, mifuko yote ilikuwa imeganda, migumu kama gamba la Kobe.

"Msitie shaka," Tumbili aliwaambia. "Kilicholoa huanikwa. Juzi chumvi yangu ilinyeshewa, nikaianika, nikaila."

Kuhusu chumvi hakusema uongo. Mama Kuku alikoroga kijiko kimoja kwenye maji, chumvi ikatoweka. Akainjika sufuria mpaka maji yakakauka. Chini pakabaki utando mweupe. Akadonoa: chumvi ile ile. Basi wote wakaridhika, saruji ikaanikwa siku tatu. Haikulainika hata chembe.

Tumbili akashika nyundo. Akaponda mifuko miwili, akachekecha, akautia unga kwenye mifuko mipya. "Si mnaona? Imerudi!" Wakampigia makofi. Punda akaukoroga na mchanga, akajenga kozi tatu za ukuta. Keshoye Mama Kuku aliparura kidogo tu kati ya mawe, na udongo ukamwagika kama majivu ya jiko.

Wakamwendea Mzee Kobe.

"Wanangu," alisema, "chumvi ndani ya maji ni chumvi iliyojificha. Maji yakiganda barafu au yakipaa mvuke, ni maji. Hata jiwe likipondwa kuwa kokoto, halitaungana tena, lakini kila kokoto ni jiwe. Kwa hiyo msiulize tu kama kitu kitarudi umbo lake. Ulizeni: je, bado ni kitu kile kile?

"Saruji haigandi kwa kukauka. Huungana na maji, ikatoa joto, pakazaliwa kitu kingine. Ndiyo maana fundi huimwagilia slabu maji siku saba badala ya kuiacha ikauke, na ndiyo maana saruji hushika hata chini ya maji. Ni kama kuni zikishakuwa majivu, au msumari ukishaliwa na kutu. Tumbili ameponda jiwe jipya, akaliita saruji. Unga wa saruji huzaliwa kwenye tanuru la nyuzi 1,450 hivi. Nyundo haiuzai."

Tumbili akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mzee. Turudi tulipokuwa jana."

"Msamaha utaupata, mjukuu wangu. Jana hutaipata. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe hukuziba tundu, na ukuta wenyewe hatukuupata."

Wanyama wakachanga upya. Safari hii waliziba mabati kwanza, ndipo wakanunua saruji. Ile mifuko minane iliyoganda waliipanga mlangoni pa ghala ikawa ngazi, na mpaka leo kila anayekabidhiwa ufunguo huikanyaga kabla ya kufungua.