Sanaa Tano Zinazoisubiri Kamera

Animesheni ya picha moja moja ni kazi ya subira: sogeza kikaragosi kidogo, piga picha, sogeza tena. Kwa kawaida picha 12 hutoa sekunde moja, na 720 dakika nzima. Subira hiyo anayo nani kama si msusi wa mikeka? Haya, sanaa tano zenye subira hiyo ni hizi; tuanze na ya mwisho.

5. Jiwe la sabuni la Kisii
Laini kuchonga, linang'aa likisuguliwa, ila halikunji goti. Kiboko aliyechongwa Tabaka, huko Kisii, mpe cheo cha mzee: akae barazani, wengine wamzunguke.

4. Ukili
Sakafu, kuta na hata mashamba ya filamu yako yapo kwenye mkeka ulioshonwa kwa ukili wa ukindu. Rangi imeshatiwa. Weka taa ubavuni, kila mshono utajitokeza.

3. Kanga
Pindo ndiyo fremu, mji ndio jukwaa, na jina limeshaandikwa. Filamu gani nyingine huja na maneno yake tayari? Wifi akigeuka tu, mgongo umeshasema!

2. Shetani wa Kimakonde
Mtindo wa mchongaji Samaki Likankoa: jicho mahali pasipo pake, kiungo kimeota kinakotaka chenyewe. Mpingo haupindi, kwa hiyo umbo hilo lifinyange kwa udongo, ujue sasa lina pa kukimbilia. Mapiko, vinyago vya kuvaa vya Wamakonde, nimeyaacha makusudi. Hayo ni ya jando, wenyewe waulizwe kwanza.

1. Gari la waya
Hapa sitaki ubishi. Mtazame mtoto: ananyoosha waya juu ya jiwe, anaukunja kona baada ya kona, anakata magurudumu kwenye ndala kuukuu, kisha anaunga mpini mrefu wa usukani ufike kifuani, aendeshe huku anakimbia. Na kikaragosi cha filamu kina nini ndani? Mara nyingi mifupa ya waya! Mtoto huyo ameshajifunza nusu ya ufundi bila kufundishwa na mtu.

Barani kwetu njia imeshafunguliwa: Moustapha Alassane wa Niger alitumia vikaragosi katika filamu ya Samba le Grand mwaka 1977, akarudi navyo kwenye mieleka ya wanyama katika filamu ya Kokoa mwaka 2001.

Simu unayo, waya upo. Mtafute fundi wa mtaani kwako, mlipe haki yake, muanze na sekunde moja: picha 12 tu.